Nani anazungusha hendeli kwenu?

Wapenzi wasomaji, kwa kawaida ukurasa huu ni wa kesi zenu. Mnaandika, mimi najifanya hakimu. Mwezi huu hakimu ndiye mshitakiwa, au mlalamikaji, sijui hata niseme lipi. Mwenzenu yalinikuta.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, nipo saluni, kichwa kimeshafumuliwa nusu, simu ikalia ule mlio wa meseji ya benki. Nikafungua nikidhani ni yale matangazo yao. Kumbe ni akaunti yetu ya pamoja, ile ya kiwanja cha Kiromo, imetolewa laki nane. Laki nane jamani! Mimi na Baba Watoto tulikubaliana kwamba akaunti ile haiguswi, hata mtu akilazwa tutakopa kwingine kwanza. Nikapiga simu. Akapokea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

"Mama, nipo Bagamoyo kwa Bibi. Nimenunua kabati."

Kabati! Nyumba yetu ya kupanga pale Tegeta ukiingiza stuli mpya lazima mtoto mmoja akalale kwa jirani. Nikauliza limenunuliwa kwa nani. Kimya. Halafu akasema: "Kwa baba mdogo. Ni lile la Bibi, lile la stoo."

Yaani mume wangu alichukua pesa ya kiwanja chetu, akanunua kitu cha bibi yake mwenyewe, kutoka nyumbani kwa bibi yake mwenyewe. Nywele sikumaliza. Nilijifunga kilemba nikarudi nyumbani kusubiri.

Maelezo niliyopewa usiku ule ni haya. Alipita mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka mjini, akaliona kabati limejaa magunia ya mkaa juu yake, akataja laki nane taslimu. Baba mdogo alikuwa na paa linalovuja, na pesa taslimu ina maneno matamu. Baba Watoto akapigiwa simu na binamu yake, akapanda basi la kwanza, akalipa yeye. "Ningeomba ruhusa yako ningechelewa," alisema. Mnajua sentensi hiyo, akina dada. Kila mmoja wetu ameshaisikia, kabati libadilishe tu jina.

Jumapili nikasema twende wote nikalione hilo kabati linalonunuliwa kwa fujo.

Nyumba ya Bibi iko kata ya Dunda, kule Mji Mkongwe wa Bagamoyo, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na hewa ya bahari inayotafuna kila kitu cha chuma. Bibi ana miaka themanini na zaidi. Wale wa pwani mnajua utani wetu: mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni "mume", na mke wa mjukuu basi ni mke mwenza. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kumfuata mume wetu na ujinga wake?" Nikampenda upya siku hiyo.

Stoo ikafunguliwa. Nilichokiona ni dude la bluu, refu kunipita kiuno, rangi ya mafuta ile ile iliyopakwa mlango wa choo. Juu kuna kifuniko kama cha sanduku, mbele milango miwili midogo, ubavuni kulia tundu la kuingizia hendeli ya chuma. Ukifunua kifuniko unakuta kisahani cha chuma kilichovikwa kitambaa, mahali pa kuwekea santuri, na mkono wenye kichwa cha duara mithili ya saa ya mfukoni. Hakuna waya wala betri. Ukifungua ile milango ya mbele unategemea kuona rafu za vikombe, kumbe ni mdomo wa tarumbeta lililofichwa ndani. Ni gramafoni. Wazee wengine waliita kinanda cha santuri.

Nikiri hapa. Mimi ni mhariri wa jarida linalofundisha watu kupamba nyumba. Nimeshachapisha kurasa ngapi za "geuza kitu cha zamani kuwa kipya"? Akili yangu ilikimbia moja kwa moja: toa machuma, weka rafu mbili na taa ndogo, paka vanishi, hilo kabati la vinywaji sebuleni. Tukishapata sebule. Nikalisema hilo kwa sauti. Baba Watoto alinitazama kama nimependekeza tumchinje mtu.

Kumbe mambo ya dude hili yana historia yake, na kwa kuwa sasa ni langu kwa nusu ya laki nane, nikasoma. Mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha ni ya Thomas Edison wa Marekani, mwaka 1877, na ilitumia mcheduara unaozunguka, kama kopo. Sahani bapa ililetwa na Emile Berliner mwaka 1887. Tarumbeta lilikaa nje, kubwa, mpaka 1906 ambapo kampuni ya Victor ikatoa mashine yake ya Victrola, tarumbeta limekunjwa ndani ya kabati ili mashine ifanane na fanicha nyingine za nyumbani. Wengine wakaiga. La kwetu, tulipofuta masizi ndani ya kifuniko, lilikuwa na ile nembo ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, yaani His Master's Voice ya Uingereza.

Na hao ndio waliomrekodi Siti binti Saad. Mwaka 1928 mwanamke huyu wa Fumba, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu mitaani, alisafiri na wenzake kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi. Santuri zile za Kiswahili ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache tu. Hebu fikiria wakati ule: hakuna redio ya Kiswahili, halafu sauti ya mtu wa kwenu, kwa lugha ya kwenu, inatoka ndani ya kabati. Asiye na mashine alikwenda kwa mwenye nayo, au mkahawani. Siti alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wake. Babu yake Baba Watoto yeye alilinunua kabati miaka ya hamsini, mkono wa pili, kutoka kwa familia ya mfanyabiashara iliyokuwa inahama. Ndilo lililokuwa fahari ya mtaa. Watu walikuja jioni, wakakaa barazani, Babu kwenye kiti chake cha uvivu, milango ya kabati wazi.

Basi tukakubaliana, kwa masharti. Kabati halitoki Dunda. Pesa itarudi kwenye akaunti, laki moja kila mwezi kutoka mfukoni kwake, si kwenye bajeti ya nyumba. Na kabla ya mtu kulipa fundi yeyote, tunakaa wawili. Tukashikana mikono kama watu wa vyama vya siasa. Ikawa kila mwisho wa wiki wa pili tunashuka Bagamoyo.

Fundi wa kwanza alikuwa jirani, mchonga milango, mtu hodari kabisa na mbao za mninga. Aliligonga kwa kidole akasema, "Hili napiga randa nusu saa, kazi kwisha." Ashukuriwe Mungu tulikuwa hatujalipa. Makabati haya mengi si mbao nene tupu. Juu ya mbao ya kawaida limebandikwa gamba jembamba la mbao ya thamani, jembamba kama ganda la sanduku la chai. Ukilipiga randa umelimaliza. Tulipomwonyesha ukingo ulioachia, yeye mwenyewe alicheka akasema, "Kumbe huyu kavaa kanzu tu." Tangu hapo akawa mtu wetu.

Rangi ya bluu tuliitoa kwa dawa ya kutolea rangi na ubao laini uliochongwa ncha, hatukupiga msasa mkavu. Hili lizingatieni hasa wenye watoto: rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Tulifanya nje, watoto wamepelekwa kwa shangazi. Chini ya bluu ikatokea kahawia nyekundu yenye mistari mizuri kama maji yanayotiririka. Hapo, kwa mara ya kwanza, nilinyamaza kuhusu vinywaji.

Yale magamba yaliyoachia kwa unyevu wa bahari yalikuwa yamegundishwa kwa gundi ya zamani ya wanyama, inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Uzuri wake, ikipata joto na unyevu kidogo inalainika tena. Fundi aliweka kitambaa chenye unyevu, akapitisha pasi ya uvuguvugu, akakandamiza kwa kibao na matofali mawili usiku kucha. Pasi yenyewe yangu, ndiyo. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umebunguliwa ukawa kama biskuti. Ule tulikata, ukaungwa mpya. Matundu mengine madogo tulidunga dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano, tundu moja baada ya jingine, kazi ya wiki nzima.

Mng'aro wa mwisho hatukutumia vanishi ya dukani. Makabati ya enzi hizo yalipakwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti huko India na Thailand. Inauzwa ikiwa vipande vikavu, unaloweka kwenye spiriti, unapaka kwa kitambaa kilichofungiwa pamba ndani, tabaka jembamba mara nyingi, mpaka mkono uchoke. Ukitaka kujua fanicha yako ina shelaki au vanishi, gusa mahali pasipoonekana kwa pamba yenye spiriti: ikinata, ni shelaki. Na kitu kilichonifurahisha, santuri zenyewe za zamani zimetengenezwa kwa shelaki hiyo hiyo iliyochanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana ukiiangusha inavunjika kama sahani ya chakula.

Tarumbeta la ndani lilikuwa kesi nyingine. Tulimulika tochi tukakuta nyigu wamejenga mtaa mzima wa udongo, na mayai ya mjusi juu yake. Baba Watoto aliyatoa kwa waya na brashi ya kuoshea chupa za maziwa. Nilipouliza brashi ya mtoto imeishia wapi niliambiwa ni kwa ajili ya sanaa.

Mashine yenyewe hatukuthubutu. Ndani kuna kamani, ule utepe wa chuma uliojikunja kama wa saa, ila huu ni mpana na una nguvu za punda. La kwetu lina kamani mbili, kila moja ndani ya pipa lake dogo. Kamani ikiruka nje bila mpango inaweza kuchana mkono wako vibaya, kwa hiyo wewe unayesoma hapo na una bisibisi, tafadhali iweke chini. Tulipeleka kwa fundi saa mmoja mzee, Dar, aliyevaa glavu nene na kuwafukuza watu wote mezani kabla hajafungua. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama halua ya wiki tatu. Ndiyo iliyofanya hendeli ipige "ku! ku!" ukiizungusha, maana kamani inang'ang'ania halafu inaachia ghafla. Moja ilikuwa imekatika mwishoni. Akaupasha moto ule mwisho ulainike, akatoboa tundu jipya, akairudisha. Grisi mpya yenye grafiti, mapipa yakafungwa.

Akatuonyesha pia kidude kinachodhibiti mwendo, na hapo mimi niliyepata D ya fizikia nilielewa kitu. Kuna vitufe vitatu vya risasi vimeshikwa na vibamba vyembamba vya chuma. Vikizunguka kwa kasi vinatanuka, vikitanuka vinavuta kisahani kinachogusa kipande cha kitambaa cha manyoya chenye mafuta, mwendo unapungua. Ikipungua mno vinarudi. Ndivyo kamani inayolegea polepole inavyotoa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Kinatakiwa kizunguke mara 78 kwa dakika. Huna haja ya kipimo cha kisasa: chomeka karatasi ndogo chini ya santuri, itokeze nje, shika saa, hesabu inapita mara ngapi. Mara 26 kwa sekunde 20, uko sawa.

Kile kichwa cha duara ndicho kinachoimba. Sindano inatetemeshwa na mfereji wa santuri, inatikisa kijiti, kijiti kinatikisa utando, utando unasukuma hewa kwenye tarumbeta. Utando wetu ni wa ulanga, haya haya madini yanayometa yaliyochimbwa sana milima ya Uluguru. Ulikuwa mzima! Kilichokufa ni mpira unaoushika pembeni, umekuwa mgumu kama mfupa, na mpira ukikauka sauti inakuwa ya nzi kwenye kopo. Fundi saa aliukwangua akaweka mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli. Shilingi mia chache. Baba Watoto alitaka kulia.

Sindano tuliagiza Uingereza, za chuma, kikopo kizima. Sindano moja ni kwa upande mmoja wa santuri, unatupa. Ukiirudia imeshabadilika ncha, inakwangua mfereji. Na msije mkaweka santuri za plastiki za miaka ya sabini, mkono huu ni mzito, utazichana. Pia ukipita maduka ya watalii na kuona gramafoni zenye tarumbeta la shaba linalong'aa utadhani limetoka tanuri leo, nyingi zimetoka kweli leo: zinaungwaungwa India kutokana na vipande vya hapa na pale. Ni pambo zuri, lakini usilipie bei ya kale.

Sasa nifike nilikokuwa nakuja.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne. Baba Watoto yuko uani na fundi, wanapaka shelaki, wanacheka. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeamsha watoto, nimewafungia nguo, nimeendesha gari kutoka Tegeta kwa sababu yeye alitaka kulala kidogo, nimefika nimemenya mihogo, nimepeleka chai uani mara mbili, nimeshika tochi, nimekwenda dukani kufuata spiriti. Nikaja kukaa jikoni na Bibi. Mkononi nilikuwa na ile hendeli, naisugua kutu kwa mafuta ya taa na kitambaa.

Bibi akaichukua. Hakuitazama. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye sehemu iliyolika, mahali panapokaa kidole cha mtu, pakaenea.

"Hapa ni mimi," alisema.

Nikamuuliza kwa vipi. Akasema: "Babu yenu alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nazungusha."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Akanieleza. Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu hivi. Wimbo ukiwa mrefu unakatwa katikati, mwisho wake uko upande wa pili. Kwa hiyo kila dakika tatu lazima mtu ainuke: ainue mkono wa mashine, ageuze santuri, atupe sindano, aweke nyingine, azungushe hendeli. Wageni wako barazani, Babu kwenye kiti cha uvivu, na yeye amesimama ndani nyuma ya pazia karibu na kabati. Katikati ya hizo dakika tatu anakimbia kutazama kahawa. Miaka na miaka.

"Watu wanasema Bibi ulikuwa na raha, nyumba ina santuri. Nyimbo zote nazijua. Lakini nazijua kwa kusimama. Sijawahi kukaa kitako nikausikia mmoja mpaka ukaisha."

Nikauliza, kumbe ulitaka liuzwe?

"Nani aliniuliza?"

Wapenzi wasomaji, hapo nilishikwa. Baba mdogo aliuza bila kumuuliza. Mume wangu akanunua bila kumuuliza, wala kuniuliza mimi. Na mimi niliyekuja na hasira zangu za haki za mwanamke nilikuwa nimeshapanga rafu za glasi ndani ya tumbo la kabati lake, sikumuuliza. Miezi minne tunakula ugali wake.

Halafu akaniangalia, akaangalia birika la chai ya tatu nililokuwa nimeshaliweka jikoni, akasema polepole, "Na wewe mke mwenzangu naona umeshaanza."

Sikupeleka hiyo chai. Uani walikaa, wakangoja, mwishowe fundi akaja mwenyewe kuuliza kuna nini.

Jioni tukiwa njiani kurudi, watoto wamelala nyuma, nilimwambia Baba Watoto. Sikupandisha sauti, maana nilikuwa nimechoka. Nilimwambia laki nane zimeshaanza kurudi na nimeshazisamehe. Kinachoniuma si laki nane. Kinachoniuma ni kwamba yeye ana hobi, mimi nina kazi ya ziada. Anasema "tunakarabati kabati" lakini akihesabu sindano hajui nani alizifuatilia ushuru posta, na hajui spiriti ilikwisha mara ngapi. Nikamweleza na ya Bibi, neno kwa neno. Tulikuwa Kerege. Mpaka Bunju hakusema kitu. Mnaniuliza alijitetea? Hakujitetea, na bora angejitetea, kile kimya kilinitisha. Tulipofika getini aliwabeba watoto wote wawili kwa mpigo, akarudi kuchukua mabegi, akasema, "Nilidhani unapenda." Nikamwambia napenda. Ndiyo maana sikusema.

Siwadanganyi kwamba kesho yake aliamka malaika. Wiki mbili baadaye nilikuta orodha kwenye friji, mwandiko wake, nani anafanya nini tukienda Bagamoyo, na jina lake limetokea mara nyingi mno kwa namna ya mtu anayetaka kusifiwa. Sikumsifu. Nikaibandika vizuri isidondoke.

Kabati lilikamilika mwezi wa saba. Baba Watoto akamwendea Bibi, akapiga magoti, akamwambia kabati ni lako, sema liuzwe, lichomwe, likae, wewe ndiye unayeamua. Bibi akasema kwanza nilisikie, kisha nitasema.

Ndani ya kabati zilikuwamo santuri nne. Mbili zimevunjika vipande. Moja ina ufa mwembamba, hiyo hatuigusi, sindano ikidaka ufa inaweza kuipasua. Iliyobaki ilikuwa nzima, nembo ya mbwa, na jina la Siti binti Saad linasomeka ukiiinamisha kwenye mwanga. Tuliiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, haraka, bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti hapana kabisa, mnakumbuka shelaki inafanywa nini na spiriti. Kijana mmoja wa mtaani anayesoma pale TaSUBa alikuja na maikrofoni yake aturekodie, maana santuri ya namna hii kila ukiipiga inakwisha kidogo, bora ipigwe mara chache na nakala ibaki.

Baba mdogo alikuja. Majirani wakaja. Kiti cha uvivu kilikuwa pale pale barazani, na baba mdogo akawa anakielekea kama kawaida ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Baba, samahani, hicho ni cha Bibi leo." Akasimama katikati ya baraza kama taa za barabarani zimemzimikia. Kisha akavuta mkeka.

Bibi akakaa. Alikuwa amevaa kanga mpya juu ya gauni, mikono imelala mapajani, viganja juu. Baba Watoto akazungusha hendeli, taratibu, bila "ku! ku!". Akaachia breki, akashusha mkono.

Kwanza kelele, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Halafu fidla. Halafu yule mama.

Sitajaribu kuwaelezea ile sauti. Nitasema tu haikuwa nzuri kwa maana ya siku hizi, ilikuwa nyembamba na ya puani, na ilitoka kwenye mdomo wa kabati kwa nguvu zilizotushtua, tulidhani tutaegemeza masikio. Bibi akanyoosha kidole bila kufumbua macho. "Funga mlango mmoja. Anapiga kelele." Kumbe ndiyo kazi ya ile milango. Kupunguza sauti! Mimi na digrii yangu ya mawasiliano nilidhani ni urembo.

Mlango mmoja ukafungwa, sauti ikakaa. Majirani wakaacha kuongea. Bibi midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, nusu hatua mbele ya mwimbaji, anajua kila neno linalokuja. Dakika tatu ni fupi sana. Fidla ikakatwa katikati, sindano ikaanza kukwaruza mahali patupu, krrr, krrr, krrr, na wote tukamgeukia yeye, eti tuone amefurahi.

Nikaona miguu yake. Ilikuwa imeshashuka kwenye kiti, visigino vimekanyaga sakafu, mikono imeshika mbao za kiti. Alikuwa anainuka. Mwili ulikuwa umesikia krrr ukaanza kwenda wenyewe.

Kisha akajiona. Akarudi nyuma taratibu, akaegemea, akapandisha miguu yake mmoja mmoja.

"Mume wangu," alisema, "inuka. Kuna upande wa pili."

Baba Watoto alikuwa ameshafika kwenye kabati.

"Na sindano badilisha."